Leseni ya jimbo kwa wakaguzi wa nyumba Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukinunua nyumba Marekani, kila mtu atakwambia usisahau ukaguzi. Wachache watakwambia kwamba anayekuja kukagua anaweza kuwa amesoma saa 180 na kufaulu mtihani, au anaweza kuwa mtu aliyenunua ngazi na tochi juma lililopita. Inategemea nyumba iko jimbo gani. Majibu yaliyo hapa yanahusu kama hali hiyo ibaki hivyo au kila jimbo lidai leseni. Nina upande wangu katika jambo hili, na utauona.

Mkaguzi wa nyumba ni nani hasa?

Ni mtu ambaye mnunuzi humlipa, kabla mauzo hayajafungwa, aipitie nyumba kuanzia paa hadi msingi na kuandika ripoti ya alichokiona. Kwa nyumba ya kawaida kazi huchukua saa mbili au tatu, na ada mara nyingi huwa kati ya dola 300 na 500. Nyumba kubwa au kongwe hugharimu zaidi.

Watu humchanganya na wengine wawili. Mthamini huja kwa ajili ya benki, kukadiria nyumba ina thamani gani, na hapandi darini kwa niaba yako. Hata kwa mikopo inayodhaminiwa na FHA, shirika la serikali la kudhamini mikopo ya nyumba, kuna fomu maalumu ya HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, inayomwonya mnunuzi kwamba uthamini si ukaguzi. Wa pili ni mkaguzi wa manispaa, anayehakikisha jengo jipya au ukarabati umefuata kanuni za ujenzi. Huyo ni mtumishi wa umma, na mauzo yako hayamhusu.

Anaangalia nini, hata tujadili leseni?

Anaangalia kwa macho. Habomoi ukuta, hang'oi zulia, hahamishi kabati la mwenye nyumba. Kwa hiyo thamani yake yote iko kwenye kujua alama ndogo ina maana gani.

Chukua kisanduku cha umeme. Mkaguzi anafungua mfuniko, na wewe uliyesimama nyuma yake unaona nyaya tu. Mwenye jicho anaona waya wa alumini kwenye sakiti ndogo za nyumba iliyojengwa kati ya 1965 na 1973, na anajua kuwa maungio ya waya huo hulegea na kupata moto. Anaona nyaya mbili zimebanwa chini ya skrubu moja ya swichi iliyotengenezwa kubeba waya mmoja. Akiona swichi za Federal Pacific za aina ya Stab-Lok, atakuandikia umwite fundi umeme, kwa sababu zina historia ya kutokata umeme zinapozidiwa. Kisha anaenda kwenye hita ya maji na kutafuta vali ya kupunguza presha: je, ina bomba la kushushia maji karibu na sakafu, au kuna mtu aliyechoshwa na matone akalizibia kizibo? Kizibo cha bei ya soda kinatosha kufanya tangi lipasuke na kutoboa dari.

Huko chini kwenye msingi nako, ufa mwembamba wa wima kwenye ukuta wa zege mara nyingi ni zege iliyosinyaa ilipokuwa ikikauka. Ufa wa mlalo, na ukuta umebetuka kwa ndani, ni udongo wa nje unaosukuma. Wa kwanza unazibwa kwa mchana mmoja. Wa pili unaweza kula akiba yako ya miaka kadhaa. Asiyejua tofauti hiyo ataandika "ufa umeonekana" kwa yote mawili, na hatakuwa amesema uongo.

Kwani sasa hivi hawana leseni?

Majimbo zaidi ya 30 yana sheria ya leseni au usajili wa namna fulani. Texas ndiyo iliyotangulia, ikianza kwa usajili katika miaka ya 1980, na mpaka leo wakaguzi wake wako chini ya tume ileile inayosimamia madalali wa nyumba. New Jersey ilipitisha sheria yake 1998, Massachusetts ikaanza kutumia ya kwake 2001, New York mwishoni mwa 2005, Florida 2011, na Ohio ikajiunga 2019.

Upande wa pili iko California, jimbo lenye watu wengi kuliko yote, ambalo halitoi leseni hiyo. Colorado, Georgia, Michigan na Minnesota nazo hazitoi. Ukihama kutoka jimbo moja hadi jingine, neno lilelile "mkaguzi" linabeba mambo tofauti kabisa.

Pennsylvania imechukua njia yake. Haina bodi wala leseni, lakini sheria yake inamtaka mkaguzi awe mwanachama kamili wa chama cha kitaifa cha wakaguzi, au afanye kazi chini ya usimamizi wa mwanachama wa namna hiyo. Chama chenyewe kinatakiwa kiwe kimempima kwa mtihani, na mtu awe amefanya au kushiriki ukaguzi zaidi ya 100. Kwa maneno mengine, jimbo limewakabidhi wakaguzi wenyewe kazi ya kuchujana.

Serikali ya shirikisho inasemaje?

Haitoi leseni hiyo. Nchini Marekani leseni za kazi nyingi ziko mikononi mwa majimbo.

Ili apewe leseni, mkaguzi anatakiwa kufanya nini?

Masomo, mtihani, ada na, katika baadhi ya majimbo, bima. New York inataka saa 140 za masomo, 40 kati yake zikiwa kazi za vitendo kwenye nyumba halisi. New Jersey inataka saa 180, nazo 40 ni za vitendo. Florida inataka 120. Mtihani unaotumiwa na majimbo mengi ni ule wa kitaifa wa wakaguzi wa nyumba: maswali 200 ya kuchagua jibu, saa nne.

Kabla hujavutiwa na saa 140, kumbuka kwamba jimbo hilohilo la New York linamtaka msusi wa nywele asome saa 1,000. Sisemi msusi asome kidogo zaidi, ingawa ningeweza. Nasema tu kwamba saa 140 ni kama wiki tatu na nusu za kazi, na hakuna fundi anayejifunza kusoma paa kwa wiki tatu na nusu. Leseni inakuhakikishia kwamba mtu amevuka kizingiti cha chini kabisa. Anayekukagulia kwa mara ya kwanza maishani mwake na aliyekagua nyumba elfu tano wana karatasi ileile ukutani.

Basi wanaotaka leseni wana hoja gani?

Hoja yao nzito ni kwamba mnunuzi hana namna ya kumpima mkaguzi. Ukila chakula kibaya unajua siku hiyohiyo. Ukipata ukaguzi mbaya huenda ukajua baada ya mvua za msimu wa tatu, dari ikianza kufanya madoa, na wakati huo mkaguzi keshafunga simu. Tena watu wengi hununua nyumba mara moja au mbili maishani, kwa hiyo hawapati nafasi ya kujifunza kwa kurudia. Soko linasahihisha vizuri pale mteja anaporudi, na hapa harudi. Kwangu hiyo ndiyo sababu pekee inayotosha kulileta jimbo kwenye meza.

Pia wanasema leseni inalipatia jimbo kitu cha kumnyang'anya mtu. Tapeli asiye na leseni hubadilisha jina la kampuni na kuendelea. Mwenye leseni akifutiwa, akiendelea kukagua anavunja sheria, na jina lake linabaki kwenye orodha ambayo yeyote anaweza kuitafuta.

Na wanaopinga?

Wanasema leseni huanza kwa jina la mlaji na kuishia kumlinda aliye ndani ya fani dhidi ya anayegonga mlango. Hoja hiyo ni ya zamani. Mchumi Milton Friedman aliiandikia sana 1962, akizungumzia hata madaktari. Mwaka 2015 Ikulu ya Marekani, wakati wa Rais Obama, ilitoa ripoti iliyoonyesha kuwa wafanyakazi wenye leseni za majimbo wametoka chini ya asilimia 5 mwanzoni mwa miaka ya 1950 hadi zaidi ya robo ya wafanyakazi wote, na kwamba tafiti nyingi hazikuonyesha leseni ikiinua ubora wa huduma. Ripoti hiyo ilitoka kwa serikali ya chama ambacho hakijulikani kwa kuchukia kanuni, ndiyo maana naitaja.

Mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya bodi ya madaktari wa meno ya North Carolina. Wajumbe wengi wa bodi walikuwa madaktari wa meno wenyewe, na walikuwa wametumia kiti chao kuwatisha watu wasio madaktari waliokuwa wakiyang'arisha meno yawe meupe kwa bei nafuu. Mahakama ikasema bodi iliyotawaliwa na wafanyabiashara wa fani hiyohiyo haiwezi kujificha nyuma ya kinga ya jimbo kama jimbo lenyewe haliisimamii kwelikweli. Ukisikia jimbo linaunda bodi ya wakaguzi wa nyumba, uliza kwanza viti vingapi ni vya wakaguzi.

Mbona wakaguzi wenyewe wakati mwingine ndio wanaoomba leseni?

Kwa sababu mbili, moja ya heshima na nyingine ya mfuko. Ya heshima: aliyejifunza kazi kwa miaka hapendi kuwekwa kapu moja na mbabaishaji. Ya mfuko: mara nyingi sheria mpya huwapa waliopo kazini njia rahisi ya kupata leseni kwa uzoefu wao, halafu wanaokuja baadaye wanapanda mlima mzima. Mbabaishaji wa jana anaweza kuamka kesho akiwa na muhuri wa jimbo.

Fani yenyewe haikungoja serikali. Chama cha ASHI kilianzishwa 1976 na kikaandika viwango vya kazi na maadili ambavyo sheria nyingi za majimbo zilikuja kuviiga au kuvifuata kwa karibu. InterNACHI kilikuja 1990. Lakini uanachama wa chama ni wa hiari, na nembo kwenye kadi ya biashara inaweza kumaanisha mtihani mgumu au ada ya mwaka iliyolipwa mtandaoni.

California inawezaje kuishi bila leseni?

Swali hili ndilo lililonifanya nibadili namna ninavyolitazama jambo zima. California haina leseni, lakini ina sheria, iliyopitishwa katika miaka ya 1990, na ni fupi kuliko mikataba mingi ya simu.

Kwanza, inamwekea mkaguzi wajibu wa kufanya kazi kwa uangalifu ambao mkaguzi makini angeufanya. Pili, inataja mambo anayokatazwa. Haruhusiwi kufanya matengenezo ya kulipwa kwenye nyumba aliyoikagua ndani ya miezi 12 iliyopita, ili asijitafutie kazi ya paa kwa kuandika kwamba paa limeoza. Haruhusiwi kukagua nyumba ambayo ana maslahi nayo. Haruhusiwi kumlipa dalali au mwenye nyumba kwa kumletea mteja. Haruhusiwi kukubali ada inayotegemea ripoti itasema nini au mauzo yatafungwa au la. Tatu, mkataba unaojaribu kufuta wajibu wake, au kuweka kikomo cha dhima yake kuwa bei ya ripoti, ni batili. Nne, mnunuzi ana miaka minne kuanzia siku ya ukaguzi kwenda mahakamani.

Hakuna bodi, hakuna mtihani, hakuna saa za darasani. Kuna kitu ambacho mkaguzi mzembe anakiogopa zaidi ya mtihani, nacho ni kulipa. Linganisha na Pennsylvania, ambako mnunuzi ana mwaka mmoja tu tangu akabidhiwe ripoti. Paa bovu linaweza kuvumilia mwaka mmoja bila kuvuja ndani. Miaka minne, vigumu.

Udhaifu wa California upo pia, tusijidanganye. Kushtaki kunahitaji fedha na muda, na hukumu dhidi ya mtu asiye na mali wala bima ni karatasi tu.

Dalali wangu amenipa jina la mkaguzi. Kuna ubaya?

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo, na leseni za majimbo mengi hazipagusi.

Dalali hulipwa nyumba ikiuzwa. Mkaguzi anayependekezwa na dalali huyo hupata mteja leo, na atampata mwingine mwezi ujao kama dalali ataendelea kumpendekeza. Wewe mnunuzi hutamwita tena kwa miaka mingi. Sasa fikiria mkaguzi yuko kwenye uvungu wa nyumba, kalala chali, anaona boriti lililolowa na kulainika. Anaweza kuandika: "Boriti lina uozo, bisibisi inazama, mwite mhandisi wa majengo kabla ya kufunga mauzo." Au anaweza kuandika: "Dalili za unyevu zimeonekana, inashauriwa kufuatilia." Sentensi zote mbili ni za kweli. Ya kwanza inaweza kuvunja mauzo, ya pili haivunji kitu. Baada ya muda, wakaguzi wa sentensi ya kwanza huitwa wavunja biashara, na simu zao hupungua. Hakuna rushwa iliyopita. Hakuna aliyekosa mtihani.

Massachusetts iliona hilo. Sheria yake ya leseni inamkataza dalali kupendekeza mkaguzi fulani kwa jina. Anaweza kukupa orodha kamili ya wenye leseni, basi. Anayeachiwa ni dalali mwenye mkataba wa maandishi wa kumwakilisha mnunuzi mwenyewe. Kwangu mimi kifungu hicho kimoja kina thamani kuliko saa zote za darasani. Madalali hawakipendi, wanasema kinawanyima wateja ushauri wa watu wanaojua, na wana ukweli kidogo: dalali mzuri kweli huwajua wakaguzi wakali. Ila sheria haiandikwi kwa ajili ya dalali mzuri.

Mkataba wa mkaguzi unasema nikipata hasara atanirudishia ada tu. Ni halali?

Inategemea jimbo. California ni batili, kama ilivyoelezwa. New Jersey kuna kesi ya mahakama ya rufaa ya 2004 ambayo inafaa kusomwa na kila mnunuzi. Wanunuzi walilipa dola 385 kwa ukaguzi. Mkataba ulisema dhima ya mkaguzi isizidi dola 500 au nusu ya ada, kile kilicho kidogo. Baada ya kuhamia, paa likavuja: bati za kuziba maungio hazikuwekwa sawasawa, na matengenezo yakakadiriwa dola 8,000 hadi 10,000. Kwa hesabu ya mkataba, walistahili dola 192.50. Mahakama ilikataa kuutumia mkataba huo, ikisema mkaguzi mwenye leseni hawezi kutoa huduma ya kitaaluma huku amejivua karibu dhima yote ya kuifanya vibaya.

Angalia vizuri kilichotokea. Leseni yenyewe haikuzuia paa kuvuja wala haikumfanya mkaguzi alione. Ila kuwepo kwa sheria ya leseni, ambayo New Jersey iliifungamanisha na bima ya makosa ya kitaaluma ya angalau dola 500,000, kuliipa mahakama msingi wa kusema: jimbo lilikusudia mtu huyu awajibike. Leseni ilifaa kwa sababu ya kilichofungwa nyuma yake.

Majimbo mengine huruhusu vifungu kama hivyo. Usiweke sahihi ukiwa umesimama barazani na mkaguzi kashika kalamu. Omba mkataba siku moja kabla.

Bima ina umuhimu gani kama tayari ana leseni?

Mkubwa kuliko leseni, ukiniuliza. Kuna bima mbili. Ya dhima ya jumla inalipa kama mkaguzi ametumbukiza mguu kwenye dari yako. Ya makosa ya kitaaluma inalipa kama hakuona kitu alichopaswa kukiona. Florida inadai ya kwanza, ya dola 300,000, na hiyo ina maana kwamba mwenye leseni halali ya Florida anaweza asiwe na bima inayohusu kile hasa ulichomlipa akifanye. Muulize anayo ipi, na uone cheti.

Kampuni ya bima nayo hufanya kazi ambayo bodi haiifanyi: humpandishia bei mkaguzi anayeshtakiwa mara kwa mara, hadi kazi isimlipe.

Ripoti inatakiwa kuwaje? Sheria inasema chochote?

Texas inasema, kwa undani. Kuna fomu ya jimbo, na kila sehemu ya nyumba ina visanduku vinne vya kuwekea alama: imekaguliwa, haikukaguliwa, haipo, ina kasoro. Wakaguzi wengi hulalamika kwamba fomu inawabana. Mimi naipenda kwa kisanduku cha pili. Mkaguzi asiyepanda darini kwa sababu palikuwa na joto hawezi kunyamaza. Lazima aweke alama kwamba hakukagua, na wewe unaiona. Kwingineko, ripoti za kurasa 60 zenye picha za rangi hujaa maneno ya jumla na kuficha jambo moja la maana kwenye ukurasa wa 41, kati ya taa iliyoungua na mlango unaolia.

Jimbo liliwahi kuanzisha utaratibu huu kisha likaufuta?

Ndiyo. Kansas ilipitisha sheria ya usajili wa wakaguzi 2008, nayo ikaachwa ikome 2013. Wanaopinga leseni huitaja Kansas sana.

Nchi nyingine zinafanyaje?

Kanada imegawanyika kama Marekani. British Columbia ilianza kudai leseni 2009 na Alberta ikafuata 2011. Ontario ilipitisha sheria 2017, kisha ikaiacha kabatini bila kuianzisha, jambo ambalo wakaguzi wa huko wamelilalamikia miaka mingi.

Scotland imelipindua swali. Tangu Desemba 2008 muuzaji ndiye anayetoa ripoti ya nyumba kabla ya kuitangaza sokoni, ikiandaliwa na mpimaji aliyesajiliwa na taasisi ya kitaaluma ya RICS. England ilijaribu kitu cha jirani na hicho kwa vifurushi vya taarifa za nyumba mwaka 2007, lakini sehemu ya hali ya jengo, ambayo ndiyo ingekuwa na maana, iliondolewa kwenye ulazima kabla hata mpango haujaanza, na 2010 mpango wote ukasitishwa. Watu waliokuwa wamelipia masomo ya kuwa wakaguzi wa mpango huo walibaki na vyeti mkononi.

Leseni itapandisha ada?

Kidogo, pengine. Masomo, mtihani na bima hulipwa na mtu, na mtu huyo mwishowe ni mteja. Mbele ya bei ya nyumba, sidhani kama ni hoja ya kukesha nayo.

Mkaguzi mwenye leseni amekosea. Bodi itanilipa?

Usitegemee. Bodi humwadhibu: humpa onyo, humtoza faini, humsimamisha au humfutia leseni. Fidia yako ni ya mahakama au bima. Hata hivyo peleka malalamiko, kwa sababu rekodi hiyo humsaidia anayekuja nyuma yako na inaweza kukufaa wewe mwenyewe kwenye mazungumzo na kampuni ya bima. Ambatisha ripoti, mkataba, picha zenye tarehe, na maoni ya maandishi ya fundi mwingine. Na kabla ya kutengeneza kilichoharibika, mpe mkaguzi nafasi ya kuja kukiona. Mikataba mingi inadai hivyo, na ukitengeneza kwanza unaweza kuwa umeufuta ushahidi wako.

Muuzaji anasema atanipa nyumba nikiacha ukaguzi. Leseni ina faida gani hapo?

Haina. Soko lilipokuwa moto mwaka 2021, wanunuzi wengi waliacha ukaguzi ili ofa zao zishinde, na leseni bora kabisa duniani haimsaidii mtu ambaye hakumwita mkaguzi. Massachusetts imelishughulikia hilo pia: kwa kanuni zilizoanza Oktoba 2025, muuzaji wa nyumba ya makazi hawezi kuweka sharti la mnunuzi kuacha ukaguzi, wala kukubali ofa iliyotangaza mapema kwamba mnunuzi ataacha. Mnunuzi bado ana hiari ya kutokagua, ila hiari hiyo haiwezi kugeuzwa silaha ya mnada.

Basi kwa ufupi, wapewe leseni au wasipewe?

Wapewe, lakini iwe leseni yenye masharti manne ndani yake: bima ya makosa ya kitaaluma, marufuku ya vifungu vya kurudisha ada tu, marufuku ya malipo na mapendekezo kati ya dalali na mkaguzi, na bodi isiyojazwa na wakaguzi. Jimbo likinipa saa za darasani na mtihani bila hayo manne, nitachagua sheria fupi ya California bila kusita. Saa za masomo naziweka mwisho, na ningependa nyingi zaidi ziwe za kutambaa uvunguni pamoja na mkaguzi mkongwe.

Nyumba ninayoitaka iko kwenye jimbo lisilo na leseni. Nifanye nini?

Tafuta mkaguzi mwenyewe, usipokee jina moja kutoka kwa anayefaidika na mauzo. Muulize amekagua nyumba ngapi, na ngapi kati ya hizo zilikuwa za umri wa hiyo unayoitaka. Omba ripoti ya mteja mwingine iliyofutwa majina, usome anavyoandika habari mbaya: je, anasema jambo lenyewe na hatua ya kuchukua, au anazungukazunguka? Omba cheti cha bima ya makosa ya kitaaluma. Uliza kama alifaulu mtihani wa kitaifa. Wakaguzi wa majimbo yasiyo na leseni wanaruhusiwa kuufanya kwa hiari, na wengi huufanya. Uliza pia asichokikagua: mchwa, gesi ya radoni, bomba la maji taka lililo chini ya ardhi na bwawa la kuogelea kwa kawaida hulipiwa kando.

Halafu nenda naye siku ya ukaguzi. Vaa nguo za kuchafuka, na akitoka uvunguni, mwombe akuonyeshe kwenye simu yake picha tatu zilizomsumbua zaidi.